Sanduku Linalala Wapi

Kuna mambo ya siasa za Marekani ambayo kijana wa Unyambwa anayaelewa haraka, na mengine yanayohitaji maelezo marefu. Kura ya posta ni ya kundi la pili. Mwaka 2020, zaidi ya asilimia 40 ya wapiga kura wa Marekani walipiga kura zao nyumbani, wakazitia kwenye bahasha na kuzituma. Nikijaribu kumweleza bibi yangu jambo hilo, nakwama mwanzo kabisa, kwenye barua yenyewe. Kwetu barua haiji nyumbani. Inaenda kwenye sanduku la posta mjini, na mara nyingi sanduku hilo ni la shule, la kanisa au la mtu wa ukoo aliyewahi kuwa mwalimu. Mwaka 2022, ulipofanyika uwekaji wa anwani za makazi nchi nzima, nyumba yetu ilipata namba. Tangu ipate namba hiyo haijapata barua.

Kwa hiyo sitadai kwamba Tanzania ina ugomvi juu ya kura ya posta. Kura hiyo hatuna. Tunao ndugu yake wa karibu, kura ya mapema ya Zanzibar. Nimekaa na jambo hilo mwaka mzima nikiandika tasnifu yangu ya shahada ya umahiri katika historia, na kila nilipodhani nasoma habari za Visiwani tu, nilijikuta nimerudi kwenye maswali ambayo nyumbani Singida yanaulizwa kwa lugha nyingine.

Kura ya mapema ilikuja na Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar, Namba 4 ya mwaka 2018. Inaeleweka kirahisi. Siku ya uchaguzi kuna watu wako kazini kwa sababu ya uchaguzi wenyewe: watendaji wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC), wasimamizi wa vituo, polisi na wengine wanaolinda usalama. Hao wanapiga kura siku moja kabla ya wenzao. Kisha masanduku yanafungwa, yanatunzwa usiku ule, na kura zinasubiri kuhesabiwa pamoja na za wengine.

Mzozo wote uko katika usiku ule.

Ilipotumika mara ya kwanza, tarehe 27 Oktoba 2020, Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa mgombea urais wa Zanzibar kwa tiketi ya ACT-Wazalendo, alikuwa ameshasema hatambui siku mbili za kupiga kura. Kama siku ya kwanza ni ya kupiga kura, alisema, basi ni ya wote, na akawataka wafuasi wake waende vituoni siku hiyohiyo. Mwenyewe akaenda kituo cha Garagara, Unguja. Polisi wakamkamata, akaachiliwa baadaye. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa na vurugu Pemba. Chama chake kilisema watu wameuawa kwa risasi, polisi wakakanusha. Siku mbili baadaye Tume ikamtangaza Dk. Hussein Mwinyi wa CCM mshindi kwa asilimia 76, Maalim akiwa na chini ya asilimia 20. Mtu huyu miaka mitano nyuma, na kumi nyuma, na kumi na tano nyuma ya hapo, alikuwa akigawana visiwa nusu kwa nusu na mpinzani wake.

Msomaji wa bara anaweza kuuliza, kama nilivyouliza mimi, kwa nini ugomvi mkubwa hivyo juu ya kundi dogo la askari na makarani? Hata kama wote wangekipigia chama kimoja, wangebadili nini?

Jibu liko Chake Chake, mwaka 1961.

Uchaguzi wa Januari mwaka ule ulikuwa na viti 22. Afro-Shirazi (ASP) walipata 10, Hizbu, yaani ZNP, wakapata 9, na ZPPP, chama kilichomeguka kutoka Afro-Shirazi, kikapata 3. Kiti kimoja kati ya kumi vya ASP, kile cha Chake Chake, kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa Hizbu na mmoja kwa Afro-Shirazi, na baraza likasimama 11 kwa 11. Serikali haikuweza kuundwa. Hebu fikiria kura moja ile. Mtu mmoja wa Chake Chake ambaye angeumwa na jino asubuhi ile, au ambaye ng'ombe wake angekata kamba, angeipa nchi serikali nyingine.

Waingereza wakaongeza jimbo la ishirini na tatu, uchaguzi ukarudiwa Juni. Matokeo: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3, na safari hii ZNP na ZPPP walikuwa pamoja. Kabla hata kura hazijamalizika kupigwa zilizuka ghasia zilizoua watu 68 kwa hesabu ya serikali. Mwaka 1963 viti vilikuwa 31. ASP walipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu, wenzao wakapata 18 na serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, siku 33 baadaye.

Wazee wa Zanzibar wanauita wakati ule zama za siasa. Neno siasa hapo si somo la darasani, ni jina la maradhi. Watu waliacha kununua kwenye maduka ya wenzao, wakasusiana mabasi, wakasusiana hata mazishi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 susa zikarudi pia, hasa Pemba, msikiti huu wa CUF na ule wa CCM, duka hili halinunuliwi. Ndiyo maana nina shaka na wanaosema mgawanyiko wa kisiasa ni zao la mitandao ya kijamii. Zanzibar ya 1958 haikuwa na simu mkononi.

Hesabu za karibu sana zikaendelea. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi dhidi ya Maalim Seif kwa asilimia 50.2 kwa 49.8, tofauti ya kura 1,565. Mwaka 2000 uchaguzi ulivurugika, majimbo 16 yakarudia kura, na mwishoni mwa Januari 2001 maandamano ya CUF yakazimwa kwa risasi. Tume ya serikali ilihesabu vifo 31. Zaidi ya watu elfu mbili walivuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Tanzania, nchi iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa imetoa wa kwake. Mwaka 2010, baada ya maridhiano ya Rais Amani Karume na Maalim, na kura ya maoni iliyopitisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66, Dk. Ali Mohamed Shein alipata 50.1 na Maalim 49.1. Maalim akakubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Nadhani ile ndiyo siku ya pekee ambapo nusu iliyoshindwa ililala usingizi.

Halafu 2015. Kura zilipigwa tarehe 25 Oktoba. Tarehe 28, matokeo yakiwa yameanza kutangazwa, mwenyekiti wa ZEC, marehemu Jecha Salim Jecha, akafuta uchaguzi wote. Ukarudiwa Machi 2016 CUF wakisusa, na Dk. Shein akapata asilimia 91. Mwaka 2020 Jecha huyohuyo akachukua fomu ya CCM kuomba kuteuliwa kugombea urais wa Zanzibar. Hakuteuliwa. Kwenye tasnifu nilitakiwa kuliandika hilo bila maoni, na nimeliandika bila maoni. Hapa sina wa kunisahihisha, kwa hiyo naomba usome sentensi ile mara ya pili.

Sasa soma sheria ya 2018 ukiwa na kumbukumbu hizo. Miaka mitatu baada ya mwenyekiti wa Tume kufuta uchaguzi peke yake, inakuja sheria inayosema baadhi ya kura, za watu wanaolipwa na serikali, zitapigwa siku moja kabla na kulala chini ya ulinzi wa Tume ileile na polisi walewale. Kila kifungu kinaweza kuwa cha haki. Mimi nakubali kabisa kwamba askari ana haki ya kupiga kura, na kwamba kumweka zamu siku nzima kwenye kituo kisicho chake ni kumnyang'anya haki hiyo. Lakini wapinzani hawakuwa wakisoma kifungu. Walikuwa wakikumbuka kura 1,565, na walitaka kujua nani yuko kwenye orodha ya wapiga kura wa mapema, wangapi, na usiku ule mawakala wao watakuwa wapi.

Bibi yangu, nilipomweleza habari hii bila majina ya vyama, alinikatiza. Hakujali sheria. Aliuliza, "Sasa hilo sanduku linalala wapi, na nani?"

Swali hilo kwetu si geni. Unyambwa ni kata ya Manispaa ya Singida kwenye karatasi, lakini kwa sura ni mawe makubwa, upepo na alizeti. Msimu wa mavuno ukipeleka alizeti kukamua na kukuta foleni ni ndefu, huachi magunia ukarudi nyumbani. Unalala nayo. Mwenye mashine anaweza kuwa mtu mwema, mzee wa kanisa, shemeji yako, na bado unatandika turubai unalala. Hakuna anayemwita mwenzake mwizi kwa kufanya hivyo, ni kwamba asubuhi gunia likipungua hakuna atakayeweza kuthibitisha chochote, na undugu utavunjika kwa debe moja. Kulala na magunia kunalinda alizeti, na kunamlinda mwenye mashine pia, kwa sababu anayekulisha mashudu yako mwenyewe hawezi kusingiziwa.

Mwaka 2015, upande huu wa bara, wapinzani waliwataka watu wao wabaki karibu na vituo baada ya kupiga kura, wakae mbali kwa mita 200 "kulinda kura". Tume ikawaambia waende nyumbani. Shauri likafika Mahakama Kuu, na siku chache kabla ya uchaguzi mahakama ikaamua dhidi ya waliotaka kubaki. Hoja ya kuzuia fujo ina uzito wake. Ila nikiifikiria kwa macho ya Unyambwa, naona watu walioambiwa waache magunia na waende wakalale.

Hapa ndipo Marekani inaponisaidia, si kama mwalimu bali kama mfano wa namna jambo linavyoweza kwenda kinyume. Kule kura zilizopigwa mbali na kituo ni za zamani. Wanajeshi walipiga wakiwa vitani mwaka 1864. Jimbo la Oregon limekuwa likiendesha uchaguzi wa rais kwa posta tangu mwaka 2000 bila makubwa. Donald Trump mwenyewe alipiga kura yake ya Florida kwa posta mwaka 2020. Kilichobadilika mwaka ule, wakati wa korona, si bahasha. Wafuasi wa Democratic walizitumia zaidi kuliko wa Republican, na katika majimbo kama Pennsylvania sheria haikuruhusu bahasha kuanza kushughulikiwa kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa hiyo kura za upande mmoja zikahesabiwa mwisho. Aliyelala Trump akiongoza aliamka Biden akiongoza, na aliyekuwa tayari kuamini wizi akawa ameuona kwa macho yake. Georgia walihesabu tena kwa mkono, kura moja moja. Biden akabaki mbele, tofauti ya mwisho ikiwa kura 11,779. Kesi zaidi ya 60 zikafunguliwa nchini kote, karibu zote zikashindwa. Januari 6, 2021 watu wakavamia bunge.

Tofauti na Zanzibar ni kubwa, na sipendi insha zinazoziba tofauti hizo ili zipate mlinganisho mzuri. Georgia sanduku lilifunguliwa mbele ya pande zote, likahesabiwa upya, na waliokataa walikataa ushahidi uliokuwepo. Zanzibar mwaka 2015 waliouliza hawakupewa ushahidi wa kukataa wala wa kukubali, walipewa tangazo. Aliyedanganywa na anayejidanganya hupiga kelele zinazofanana, na ukisikiliza kelele pekee huwezi kuwatenganisha. Inabidi uende ukaulize kama kuna mtu alilala na magunia.

Nasema hivi nikijua kwamba sisi wa bara tulikuwa na desturi ya kuiona Zanzibar kama nyumba ya jirani yenye kelele. Sisi, tulijiambia, hatuna mgawanyiko. Mwaka 1962 Zuberi Mtemvu, aliyejitoa TANU baada ya kupinga uamuzi wa Tabora wa kukubali kura tatu, aligombea urais dhidi ya Nyerere na kupata chini ya asilimia 2. Tangu 1965 chama kikawa kimoja na wabunge wakagombea kwa alama, jembe na nyumba. Bibi alipiga kura yake ya kwanza mwaka 1970 na anakumbuka jembe. Tume ya Jaji Nyalali ilipouliza wananchi mwaka 1991, asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee. Inawezekana tulikuwa wamoja kweli. Inawezekana pia hatukuwahi kuulizwa jambo ambalo lingetugawa.

Angalia mkoa wangu leo. Tundu Lissu ni mtoto wa Ikungi. Alipigwa risasi Dodoma Septemba 2017, akavuliwa ubunge wa Singida Mashariki mwaka 2019 akiwa kwenye matibabu Ubelgiji, na Aprili 2025 akashtakiwa kwa uhaini baada ya kuzunguka na kaulimbiu kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi. Mwigulu Nchemba ni mtoto wa Iramba. Novemba 2025 akawa Waziri Mkuu. Katikati ya Aprili na Novemba kulikuwa na Oktoba 29: uchaguzi bila CHADEMA, maandamano, intaneti kuzimwa, watu kuuawa, na Rais Samia Suluhu Hassan kutangazwa kwa karibu asilimia 98. Mkoa mmoja mdogo, wa kuku na vitunguu, umetoa Waziri Mkuu na mshtakiwa wa uhaini katika mwaka mmoja. Kwenye ukoo wetu kuna kundi la WhatsApp ambalo lilianzishwa kwa ajili ya michango ya misiba. Intaneti iliporudi Novemba, watu wanne walijitoa. Mmoja ni mjomba wangu. Michango yake sasa inapitia kwa mkewe.

Nilisoma shule ya msingi na kijana ambaye sasa ni askari Unguja. Ana makazi na familia huko, amejiandikisha huko, na tarehe 28 Oktoba 2025 alipiga kura ya mapema. Alikuja likizo Desemba, tukakaa nje kwao chini ya jiwe tulilokuwa tukiteleza nalo utotoni. Nilimuuliza ilikuwaje. Akasema foleni ilikuwa fupi na kimya, akapiga, akaenda kulala mapema kwa sababu alikuwa na zamu ya alfajiri. Sikumuuliza alimpigia nani na hakuniambia. Kabla ya hapo, kwa miezi, nilikuwa nimeandika kuhusu "kura za vikosi" kama vile vikosi ni kitu kimoja chenye mkono mmoja. Sijui kura yake ilikuwa ya nani. Wapinzani hawajui pia. Tatizo ni kwamba waliopanga kura hiyo ilale pale hawakumpa hata yeye njia ya kujua kama asubuhi aliikuta.

Na mimi? Daftari la wapiga kura linasema mimi ni wa Unyambwa, na chuo kiko Dar es Salaam, kama kilomita 700. Sheria ya bara inanitaka nipige kura pale nilipojiandikisha. Nauli ya kwenda na kurudi ni hela ya chakula ya wiki mbili na zaidi. Si jambo jipya: mwaka 2010 vyuo vikuu vilichelewa kufunguliwa hadi uchaguzi ukapita, na wanafunzi wengi waliojiandikisha vyuoni wakakwama majumbani. Wakenya walio nje wamekuwa wakimchagua rais kutoka balozi zao tangu 2013. Mtanzania aliye London hawezi, na hata aliye Dar hawezi kumchagua diwani wa kwao. Kwa hiyo kura ya posta, au kura yoyote inayosafiri, ningenufaika nayo kuliko watu wengi.

Nilimwambia bibi hivyo. Kwamba siku moja labda nitaweza kupiga kura nikiwa chuoni, na karatasi yangu isafiri hadi Singida. Alikuwa anapepeta uwele, hakuinua kichwa. Aliuliza itakuja na basi gani. Nikasema haiji na basi, itakuja na posta, au serikali. Akapepeta kidogo. Akasema basi nimpigie simu siku inapotoka, ili mtu aende stendi.

Nikamweleza tena kwamba haiji stendi. Akasema amesikia, nimpigie tu.